Mbwa wa Simba na Namna ya Kumfuga Nyumbani

Kuna mbwa mkubwa mwekundu, mwenye mstari wa manyoya mgongoni. Manyoya ya mstari ule yanaelekea kichwa. Mengine yote yanaelekea mkia. Jina lake ni Rhodesian Ridgeback, lakini wengi wanamwita mbwa wa simba. Dume ana kilo 36 hivi, na urefu wa santimetri 63 hata 69 mabegani.

Alama ile ilitoka kwa mbwa wa Khoikhoi, wenyeji wa Afrika ya Kusini. Wazungu waliwachanganya na mbwa wa Ulaya, na mwindaji Cornelius van Rooyen akawazalisha kwa ajili ya kuwinda simba. Mwaka 1922 wenye mbwa hawa walikutana Bulawayo, katika inchi ya Zimbabwe ya leo, wakaandika alama zake.

Usifikiri kwamba mbwa huyu alimwua simba. Hapana. Kazi yake ilikuwa kumzunguka, kubweka na kumkwepa, ili simba asimame mahali pamoja mpaka mwenye bunduki afike. Mbwa aliyemrukia simba kwa ujinga hakurudi nyumbani. Walibaki wale wenye akili, wanaojua kuamua bila kungoja neno la bwana wao. Kwa sababu hii, ukimwita mbwa wako leo, anafikiri kwanza. Si kiburi, ni urithi wake.

Basi umfundishe tangu mdogo, kwa upole na kipande cha nyama. Usimpige. Mbwa mkubwa anayeogopa mkono wa watu ni hatari kuliko mbwa mkali. Umzoeze kuku na mbuzi angali mtoto, maana akikua bila kuwajua, kila mbuzi anayekimbia atamwona kama nyama wa pori. Ua wako uwe mrefu na imara. Na watoto wadogo wasiachwe peke yao pamoja naye, hata akiwa mpole sana. Akicheza tu anaweza kuwaangusha.

Kabla ya kumchukua mtoto wa mbwa, shika ngozi ya shingo na ya mgongo katikati, uivute juu polepole. Ukisikia kitu kama uzi chini ya ngozi, au ukiona kitundu, umpeleke kwa munganga wa nyama. Ni tundu la kuzaliwa nalo; linaweza kuoza ndani na kufika karibu na uti wa mgongo. Linatolewa kwa kupasuliwa.

Wengine wanazaliwa bila mstari. Zamani wafugaji wengi waliwaua, na hii ilikuwa makosa makubwa. Mwaka 2007 wataalamu walionyesha kwamba urithi unaoleta mstari ndio unaoleta hatari ya tundu lile. Mtoto asiye na mstari anafaa sana nyumbani, na mara nyingi bei yake ni ndogo.

Apewe dawa ya minyoo, na achanjwe kichaa cha mbwa. Mifupa iliyopikwa asipewe, inavunjika kama miiba tumboni.