KAMSHAFTI YA PIKIPIKI NA NGUVU YA KUPANDA MLIMA

Alfajiri, kabla jua halijatoka, pikipiki zenye makopo ya maziwa huanza kupanda njia za udongo za Murang'a, Kisii na Elgeyo. Mtu asimamaye kando ya njia aweza kutambua kwa sikio tu ni ipi itakayofika juu bila taabu na ipi itakayoshindwa. Ile ya kwanza hunguruma polepole, kwa sauti nzito. Ya pili hupiga kelele nyembamba. Dereva hurudisha gia, akarudisha tena, na mwisho injini huzimika penye kona. Hapo ndipo penye hatari, maana pikipiki iliyobeba lita 80 nyuma ya kiti haiwezi kuzuiliwa kwa urahisi ianzapo kurudi kinyumenyume. Maziwa yakimwagika, hasara ni ya mkulima. Mguu ukivunjika, hasara ni ya dereva, na mkopo wa pikipiki hauachi kudaiwa kwa sababu ya mguu.

Basi si ajabu kwamba wenye pikipiki huwauliza mafundi dawa ya ugonjwa huu, na kwamba jibu mojawapo ni kubadili kamshafti. Jibu hilo lina kweli ndani yake. Lakini ziko kamshafti zinazoongeza nguvu ya kuvuta, na ziko zinazoipunguza, na mtu asiyejua kuzipima hawezi kuzitenganisha kwa macho zikiwa zimelala juu ya meza ya duka.

Kamshafti ni mti wa chuma wenye nundu. Krankishafti, yaani mti mkubwa unaosukumwa na pistoni, ukizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Nundu yake ipitapo huinua valvu, nayo valvu hufungua mlango wa silinda: mmoja wa kuingizia hewa na petroli, mwingine wa kutolea moshi. Urefu wa nundu huonyesha mlango utafunguliwa kwa kiasi gani. Upana wake huonyesha mlango utakaa wazi kwa muda gani. Kwa mtu atakaye kupanda mlima na mzigo, huo muda ndio wa kuangaliwa kwanza, na hasa wakati ambao valvu ya kuingiza hufungwa.

Mtu angedhani kwamba valvu hiyo hufungwa pistoni ifikapo chini kabisa. Sivyo. Hufungwa baadaye, pistoni ikiwa imekwisha kuanza kupanda. Sababu yake ni kwamba hewa nayo ina uzito. Injini ikienda mbio sana, hewa iliyo ndani ya bomba huwa na kasi kubwa, nayo huendelea kujisukuma ndani hata pistoni ikiwa yapanda, kama umati wa watu uingiao mlangoni ambao walio nyuma huwasukuma walio mbele. Lakini injini iendapo polepole, kama vile mlimani, msukumo huo haupo. Pistoni hupanda mlango ukiwa wazi, na sehemu ya ile hewa na petroli hurudishwa kuelekea kwenye kabureta. Silinda hubaki na chakula kidogo, na mwenye chakula kidogo hana nguvu.

Kwa hiyo kamshafti ya kuvuta ni ile ifungayo valvu ya kuingiza mapema. Mafundi hupima jambo hili kwa digrii za mzunguko wa krankishafti. Katika injini kubwa za Marekani, kamshafti ya kuvuta yaweza kufunga digrii 25 hadi 35 baada ya pistoni kufika chini, na ile ya mashindano yaweza kungoja mpaka digrii 60 au zaidi. Yafaa ijulikane pia kwamba digrii hizo hupimwa valvu ikiwa imeinuka kiasi fulani kidogo. Wauzaji wawili wakitumia viasi tofauti, hesabu zao hazilinganishwi, na mnunuzi aliyesoma karatasi ya huyu na ya yule aweza kudanganyika ingawa hakuna aliyesema uwongo.

Watu wengi huchanganya nguvu ya kuvuta na nguvu za farasi. Nguvu ya kuvuta ni ule msokoto ambao injini huutia kwenye mti wake, nao hupimwa kwa nyutoni-mita. Nguvu za farasi ni msokoto huo ukizidishwa kwa wepesi wa mzunguko. Injini yenye nyutoni-mita 10 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa kilowati 3.1, msokoto uleule kwa mizunguko 6,000 hutoa 6.3. Ndiyo maana kamshafti ya mashindano yaweza kusifiwa kwa haki kwamba imeongeza nguvu za farasi, huku ikimwacha mkulima mlimani. Imeziongeza kule juu kwenye mizunguko mingi, mahali ambapo dereva mwenye mzigo hafiki ila kwa kuitesa injini.

Nchi ambayo biashara hii imestawi sana ni Marekani, hasa miongoni mwa wenye pikipiki za Harley-Davidson. Hizo ni pikipiki nzito, nyingi zapita kilo 300, nazo huendeshwa kwa mizunguko michache. Kwa pikipiki za mwaka 1999 kampuni hiyo ilileta injini iitwayo Twin Cam 88, ya sentimita za ujazo 1,450 hivi, yenye kamshafti mbili, moja kwa kila silinda. Wako wenye pikipiki hizo walionunua kamshafti za nundu kubwa kwa kusikia sifa, wakakuta kwamba kwa mwendo wao wa kila siku, kati ya mizunguko 2,000 na 3,500, pikipiki imekuwa dhaifu kuliko ilivyotoka kiwandani. Waliochagua zile zifungazo mapema ndio waliopata walichokitafuta. Hata hao walipata na mashaka mapya, kwa kuwa valvu ikifungwa mapema hewa hubanwa kwa nguvu zaidi. Injini huwa ngumu kuwasha, na petroli ikiwa duni husikika kugongagonga ndani ya silinda, jambo ambalo likiachwa hutoboa pistoni.

Kulikuwa na jambo jingine la kujifunza katika injini hizo. Katika zile za miaka ya kwanza, minyororo iliyozungusha kamshafti ilikazwa kwa vipande vya plastiki vilivyosukumwa na springi. Vipande hivyo viliweza kulika, na vumbi lake likaingia katika oili. Kampuni ilibadili mpango huo, na kufikia pikipiki za mwaka 2007 ukazaji ulikuwa wa nguvu ya oili. Mtu aliyefungua injini ya zamani ili aongeze nguvu aliweza kukuta kwamba ameokoa injini yenyewe.

Pikipiki za boda boda ni ndogo mno kuliko hizo, lakini kanuni ni ileile. Nyingi za zile zitokazo China hufuata mfano wa Honda CG125, ambao Honda iliutengeneza katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo na matengenezo ni haba. Mwaka 1976 ulianza kuundwa Manaus, nchini Brazil. Injini hiyo ina ajabu moja: kamshafti yake ina nundu moja tu. Nundu hiyo moja huinua vidole viwili vya chuma, kimoja cha valvu ya kuingiza na kimoja cha valvu ya kutoa, navyo husukuma fito ndefu zinazopanda mpaka juu ya silinda.

Matokeo yake ni makubwa. Katika injini nyingine fundi aweza kubadili upande wa kuingiza na kuuacha ule wa kutoa. Katika CG hawezi. Akitia nundu pana, valvu zote mbili hukaa wazi kwa muda mrefu, na ule muda ambao zote zi wazi pamoja huongezeka pia, hata moshi wa mpigo uliopita ukapata nafasi ya kurudi ndani injini iendapo polepole. Kwa hiyo kamshafti iitwayo ya resi ni msiba kwa mchukuzi wa maziwa mwenye injini ya namna hii. Na ile iliyotoka kiwandani ilikuwa imekwisha chaguliwa kwa kazi ya mizigo. Ni vigumu kuishinda kwa mbali.

Kabla ya kutoa fedha, basi, mwenye pikipiki aulize kama kamshafti aliyo nayo ni nzima. Injini ya CG hutumia oili ya lita moja hivi tu, na ile ya asili haina chujio la karatasi. Oili isipobadilishwa kwa wakati, nundu huliwa na vidole huliwa, valvu ikawa hainuki ipasavyo. Dalili ni kelele ya kugonga isiyoisha hata baada ya kurekebisha nafasi za valvu, pamoja na kupungua nguvu kidogo kidogo hata dereva asitambue. Mtu wa namna hiyo hahitaji kamshafti ya ajabu. Ahitaji mpya iliyo sawa na ya kwanza, pamoja na vidole vipya, maana kidole kilicholiwa hula nundu mpya.

Kadhalika yafaa afikiri habari ya sproketi. Sproketi ya mbele ya meno 15 ikibadilishwa kwa ya meno 14, nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu huongezeka kwa karibu asilimia 7, kwa gharama ndogo na kwa kazi ya muda mfupi. Mwendo wa juu kabisa hupungua kwa kadiri hiyohiyo. Katika njia za milimani hilo halimsumbui mtu.

Akaaye nyanda za juu ana jambo la kuongeza katika hesabu. Iten, kwa mfano, ni karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa imepungua uzito kwa karibu sehemu moja ya tano. Injini ya kabureta hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hata ikiwa mpya. Lakini kwa sababu hewa ni nyepesi, ile hatari ya kugongagonga nayo hupungua. Hivyo kamshafti ifungayo mapema hufaa zaidi Iten kuliko Mombasa.

Kazi yenyewe si ya kufanywa kwa haraka chini ya mti. Meno ya krankishafti na ya kamshafti yana alama, na alama hizo hazina budi kukutana. Jino moja likipita, wakati wote wa valvu huharibika. Kama kamshafti ni ya namna nyingine kuliko ile ya kwanza, fundi mwema huweka kipande cha udongo laini juu ya pistoni, akafunga injini, akaizungusha kwa mkono, akafungua tena na kupima unene wa udongo pale valvu ilipobonyeza. Mafundi wengi hawakubali iwe chini ya milimita moja na nusu kwa valvu ya kuingiza, na hutaka milimita mbili kwa ile ya kutoa. Nundu hupakwa oili nzito kabla ya kufungwa. Kisha injini huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili, na ikigoma mahali popote isilazimishwe. Nafasi za valvu hupimwa injini ikiwa baridi. Aghalabu ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na jicho haliwezi kuipima.

Mwenye pikipiki atakaye kujua kama fedha zake zimefanya kazi na achague mlima mmoja, mzigo mmoja na gia moja, apime kwa saa kabla ya kazi na baada yake, na aandike pia petroli iliyotumika kwa juma zima. Mafundi hawapendi sana mteja mwenye daftari, lakini humfanyia kazi kwa uangalifu.