Nondo wa Usiku na Viwavi Wao

Mkulima aamkapo asubuhi na kuyakuta mahindi yake yameliwa, neno la kwanza limtokalo kinywani ni "mdudu". Neno hilo si kosa, walakini halitoshi. Shamba moja la mahindi laweza kuwa na viwavi wa aina nne au tano, wote wakifanana machoni pa mtu asiyewazoea, na kila mmoja ana desturi zake. Mmoja huletwa na upepo kutoka mbali, hula kwa majuma mawili au matatu, kisha hutoweka. Wa pili alilala muda wote wa kiangazi ndani ya mabua ya mwaka jana, katika shamba lile lile. Wa tatu hukaa udongoni mchana na kukata miche usiku. Dawa imfaayo mmoja ni hasara tupu kwa mwingine, na mkulima aliyekwisha tumia fedha yake ya mbegu kununua dawa isiyofaa hawezi kuirudisha. Kwa sababu hiyo yafaa tuwajue wadudu hawa kwa jamaa zao, jinsi mfugaji anavyozijua koo za ng'ombe wake.

Viwavi hawa ni watoto wa nondo. Nondo hutaga mayai; katika mayai hutoka kiwavi, naye ndiye mwenye kula; kiwavi akiisha kukua huwa pupa, hutulia bila kula kitu; na katika pupa hutoka nondo mwingine. Nondo mwenyewe hana meno ya kuharibu shamba. Hufyonza utamu wa maua, hutafuta mwenziwe, hutaga, hufa. Watu wengi huwaona nondo wakiizunguka taa barazani na hawadhani kabisa kwamba wanawatazama wazazi wa wale watakaokula mtama wao juma lijalo.

Jamaa tunayoisema hapa wataalamu huiita Noctuidae. Jina hili lilitolewa mwaka 1809 na Mfaransa Latreille, nalo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya bundi mdogo, kwa kuwa nondo hawa huruka usiku na macho yao hung'aa yakipigwa na mwanga. Wengi wao ni wanene wa kiwiliwili, wenye rangi ya majivu au udongo, na katika bawa la mbele huwa na madoa mawili, moja la mviringo na moja mfano wa figo. Aina zilizokwisha pewa majina ni zaidi ya 11,000, nao hupatikana katika kila bara ila bara la barafu la kusini. Zamani jamaa hii ilihesabiwa kuwa kubwa kupita hivyo. Tangu miaka ya 2000 wataalamu wameitazama upya mishipa ya mabawa na asili ya urithi wao, wakawatoa wengi na kuwaweka katika jamaa nyingine. Hata yule funza mwenye miiba wa pamba na mabamia, aitwaye Earias, amehamishwa. Kwa mkulima hamisho hilo si kitu, maana funza angali anakula vitumba vile vile. Lakini yako mambo mengine ya majina ambayo ni chakula au njaa, na hayo ndiyo tutakayoyaeleza.

Tuanze na viwavijeshi, ambao jina lao la kitaalamu ni Spodoptera exempta. Zamani waliitwa Laphygma exempta, na mwenye kusoma vitabu vya kale atawakuta kwa jina hilo. Mdudu huyu humdanganya mtu kwa rangi. Wakiwa wachache, kila mmoja peke yake, ni wa kijani au wa rangi ya majani makavu, hujificha penye mizizi ya nyasi, wala hakuna awaonaye. Wakiwa wengi na kugusana, wale wa kizazi kile kile huwa weusi kama mahameli, wenye mistari ubavuni, nao hula hadharani mchana kutwa. Aonaye mmoja leo na wengine kesho ataapa kwamba ni wadudu wawili mbalimbali. Mwaka 1943 J. C. Faure wa Afrika Kusini alieleza kwamba ni mdudu mmoja, na kwamba msongamano ndio unaombadili. Tokea hapo ndipo watu walipoelewa mahali anapokaa mdudu huyu wakati hakuna jeshi: yupo, amevaa nguo nyingine, katika nyasi za pwani na za nyanda za juu mahali panapopata mvua kidogo hata nje ya masika.

Mvua za kwanza zinaponyesha, mara nyingi mwezi wa Novemba au Desemba, nondo huanza kuzaana katika sehemu za kati na mashariki za Tanzania na katika Kenya. Nondo wakiisha kutoka katika pupa hupanda juu usiku na kuchukuliwa na upepo, nao waweza kusafiri mamia ya kilomita kwa usiku kadha. Mawingu ya mvua na pepo zake huwakusanya na kuwashusha pamoja, na ndiyo sababu wilaya moja huliwa yote na ya jirani husalimika. Kizazi kifuatacho huendelea na safari: kuelekea kaskazini mpaka Ethiopia na hata Yemeni, na wengine kuelekea kusini mpaka Zambia, Malawi na nchi zilizo mbele. Basi jeshi la Kenya mwezi wa Februari laweza kuwa wana wa nondo waliotoka Tanzania mwezi wa Januari. Hapana mkulima mmoja awezaye kulizuia jambo hilo kwa jembe lake, ila habari zaweza kutangulia mbele ya nondo. Taa za kunasia nondo, na mitego yenye harufu ya jike imvutayo dume, huhesabiwa kila siku. Katika wilaya ya Kilosa, tangu mwanzo wa miaka ya 2000, wanakijiji wenyewe walipewa mtego na kipimo cha mvua, wakafundishwa kutambua hatari. Nondo wakiwa wengi mtegoni na mvua ikinyesha, hukagua mashamba upesi. Kazi hiyo haitaki elimu kubwa. Yataka mtu mwaminifu asiyechoka kuhesabu.

Jike hutaga mayai kwa mafungu, mamia kwa fungu, akayafunika kwa nywele nyeusi za tumbo lake. Baada ya siku chache viwavi hutoka, wadogo kama uzi, wakikwaruza majani tu. Huenda mkulima akapita kati yao asiwaone. Wakifika urefu wa sentimita 3 hivi ndipo ulaji wao unapotisha, na siku zao zilizobaki zimekuwa chache. Mara husikia kelele kijijini, watu hukimbilia dawa, na siku mbili baadaye viwavi wote wameingia udongoni kuwa pupa. Muuza dawa hupata sifa asizostahili. Atakaye kuokoa mazao na akague shamba wakiwa bado wadogo, wa kijani, kabla ya weusi kuonekana.

Yafaa kukumbuka kwamba kiwavijeshi huyu hula jamii ya nyasi tu: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga, muwa na malisho. Maharagwe, mihogo na pamba hataki. Aliyepanda mihogo kando ya mahindi ana akiba. Wafugaji nao wajihadhari: ng'ombe wamewahi kufa walipolishwa katika malisho yaliyotoka kuliwa na viwavi hawa; basi yaachwe malisho hayo siku kadha kwanza. Na mwishoni mwa majira utawaona viwavi wananing'inia kichwa chini juu ya nyasi, wamelainika na kuoza. Hao wameuawa na ugonjwa wao wenyewe, usiomdhuru mtu wala ng'ombe. Usipoteze dawa juu yao.

Sasa tuje kwa mgeni. Mnamo mwaka 2016 ilitangazwa kwamba katika Afrika ya Magharibi ameonekana kiwavi wa Marekani, Spodoptera frugiperda, ambaye huko kwao ajulikana tangu mwaka 1797. Kufika mwaka 2017 alikuwa ameingia Uganda, Kenya na Tanzania. Mwaka 2018 akafika Bara Hindi, mwaka 2019 Uchina, na mwaka 2020 Australia. Katika lugha yetu ameitwa kiwavijeshi vamizi. Jina limewaponza wengi. Kwa kusikia "kiwavijeshi", wakulima walidhani ni yule wa zamani, wakangoja aondoke mwenyewe. Hakuondoka. Yeye hana haja ya safari maadamu yako mahindi mabichi. Huzaliana mwaka mzima, hasa penye umwagiliaji. Wala haji kwa jeshi jeusi juu ya majani, bali huingia katika moyo wa mhindi na kujifunika kwa kinyesi chake kinachofanana na unga wa msumeno, na humo dawa ya juu juu haimfikii. Tena si mchaguzi: mimea aliyoonekana akiila ni zaidi ya aina 350.

Namna ya kumtambua ni hii. Watu husema mtazame kichwani, ana alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa. Ni kweli, lakini kiwavijeshi wetu naye ana alama inayokaribia hiyo, na mtu akiwa na haraka atakosea. Mtazame mkiani: juu ya pingili ya pili kutoka mwisho ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za sanduku. Hiyo ndiyo alama ya kutegemea. Ukiisha kumjua, pita shambani mara mbili kwa juma tangu mahindi yanapochipua, uyaponde mafungu ya mayai kwa vidole. Wengine hutia majivu au mchanga katika moyo wa mhindi, na kwa shamba dogo kazi hiyo yawezekana. Ukinunua dawa, itumie jioni, ielekeze moyoni mwa mmea, nawe ufuate maneno ya Bwana Shamba juu ya kipimo chake na nguo za kujikinga.

Wa tatu ni bungua wa mabua, Busseola fusca, aliyepewa jina na Fuller mwaka 1901 huko Afrika Kusini. Huyu ni mwenyeji kabisa. Jike huficha mayai kati ya ala ya jani na bua. Kiwavi hutoboa majani machanga, yakifunguka huonyesha matundu yaliyojipanga mstari, kisha huingia ndani ya bua. Mmea mdogo hukauka moyo. Mvua zikiisha hulala ndani ya bua kavu mpaka mvua nyingine. Basi anayesimamisha mabua ya mahindi kuwa ua wa nyumba yake amemjengea mdudu nyumba pia. Mabua yalishwe ng'ombe, au yalazwe chini juani majuma kadha kabla ya kutumiwa.

Bungua huyu hupendelea nchi za juu. Katika nchi za chini na pwani anayetoboa mabua mara nyingi ni Chilo partellus, mgeni kutoka Asia, wala si wa jamaa ya Noctuidae. Amefanana naye, lakini ana madoa meusi mgongoni. Na mwenye kioo cha kukuza akitazama miguu minene ya tumboni ataona vikulabu vilivyopangwa duara kamili, hali vya Busseola ni nusu duara. Waweza kuuliza, vikulabu vyanihusu nini? Mwaka 1993 kituo cha ICIPE kilileta pwani ya Kenya nyigu mdogo, Cotesia flavipes, aliyetoka Pakistani, ambaye hutaga mayai ndani ya Chilo na kumwua. Nyigu yule akitaga ndani ya Busseola, mwili wa kiwavi huyazingira mayai na kuyaua. Mlinzi wa mmoja hafai kitu kwa mwingine, na aliyewatofautisha ni yule mwenye kuhesabu vikulabu.

Sota, jamaa ya Agrotis, sina mengi ya kusema juu yake. Hukata miche usiku. Asubuhi chimba kidogo kando ya mche uliokatwa, utamkuta amejikunja, umwue.

Juu ya pamba wako wawili. Funza wa vitumba aitwaye wa Marekani, Helicoverpa armigera, ameonewa kwa jina: si wa Marekani, ni wa Afrika, Asia, Ulaya na Australia. Wa Marekani ni ndugu yake, Helicoverpa zea, na wawili hawa walikuwa wakichanganywa mpaka walipopambanuliwa vema mwaka 1965. Wetu alitangazwa kuonekana Brazili mwaka 2013, na huko sasa ndiye mgeni. Wa pili, funza mwekundu, Diparopsis castanea, hana chakula ila pamba na mimea michache ya ukoo wake, na makao yake ni nchi za kusini, mathalani Malawi, Zambia na Msumbiji. Ili asipite kwenda katika mashamba ya kaskazini, kilimo cha pamba kilipigwa marufuku katika sehemu za kusini mwa Tanzania. Wakulima wa huko walinyimwa zao la fedha kwa ajili ya ramani ya nondo mmoja. Amri hiyo ilikuwa nzito kwao, na wengi hawakuelezwa vya kutosha sababu yake.

Ukiona kiwavi usiyemjua, usimtupe. Chukua watatu au wanne, wakubwa na wadogo, uwatie katika chupa yenye spiriti, na kipande cha karatasi ndani kilichoandikwa kwa penseli, maana wino hufutika: jina la kijiji, tarehe, mmea aliokuwa akiula, na kama alikuwa juu ya jani, ndani ya bua au udongoni. Mpelekee Bwana Shamba au Bibi Shamba wako. Usiwatie katika maji matupu, kwa kuwa wataoza kabla ya kufika.