Daftari la Pili la Muuguzi

Muuguzi wa zahanati ya pwani, tuseme kati ya Mtwara na mlango wa Mto Ruvuma, huandika mengi: rejista ya wazazi, kadi za kliniki, taarifa ya mwezi. Mama akifariki katika kujifungua, huandika saa, dalili na dawa alizotoa. Maandishi hayo ni ya lazima, maana kwayo makosa hugunduliwa. Lakini hayana safu ya kuandikia kwamba mikono yake ilitetemeka, wala kwamba siku ya tatu alikutana sokoni na mamaye marehemu, akakosa la kusema. Katika mji mkubwa mhudumu aweza kupotea katika umati. Kijijini huenda msibani kwa watu wale wale aliowahudumia.

Mambo hayo yahitaji daftari la pili. Huko New York, Dakt. Rita Charon wa Chuo Kikuu cha Columbia aliwaagiza wanafunzi wa udaktari kuandika kando yale yasiyoruhusiwa katika jalada la mgonjwa, kisha kusomeana. Kusini mwa nchi yetu, Dakt. Leader Stirling, aliyefika Tanganyika mwaka 1935 na kufanya kazi Lulindi, Masasi, aliandika barua zilizotolewa kuwa kitabu mwaka 1947. Baadaye alikuwa Waziri wa Afya. (Wauguzi waliosimama naye mezani usiku, barua zao ziko wapi?)

Je, kuandika kwasaidia? Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, wa Marekani, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo. Walioandika tukio zito pamoja na hisia zao walikwenda kliniki mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini mara baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba faida yake ni ndogo, wala haimfikii kila mtu. Kwa hiyo asilazimishwe mtu kuandika siku ile ile ya msiba.

Nionavyo, kusimulia kwatufaa kuliko kuandika peke yake. Msimulizi husema "Paukwa," naye hangoji sifa. Angoja "Pakawa," apate kujua kwamba yupo anayesikia. Wenzake watatu wanaosikiliza bila kuhukumu wanatosha.

Hapo ndipo penye hatari. Kijijini kuficha jina hakutoshi, kwa kuwa kila mtu ajua nani alizaa lini. Hapana budi kubadili siku, kijiji na idadi ya watoto. Mganga mfawidhi asiyaombe maandishi hayo, wala yasitumiwe katika kikao cha kuchunguza kifo. Muuguzi asiyelala kwa majuma kadhaa apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Wala daftari halileti damu ya kuongezea wagonjwa, au mkunga wa pili wa zamu ya usiku. Hayo yaendelee kudaiwa kwa wahusika. Kurasa zenyewe ni mali ya aliyeziandika, na akipenda kuzichoma, azichome.