Fahali Wawili Katika Zizi Moja

Wahenga walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Mpwa wangu alinikumbusha methali hiyo nilipokwenda kwetu Nunguni, kwenye vilima vya Kilungu, nikamkuta ameiinamia kompyuta yake kuukuu. Huwachapia watu barua, fomu na risiti pale sokoni. Kompyuta hiyo ndiyo shamba lake.

"Mjomba," alisema, "nimeambiwa hii ni ya kutupwa."

Maneno hayo yalikuwa na chembe ya ukweli. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, yakiwemo marekebisho ya usalama. Mrithi wake, Windows 11, hudai vifaa ambavyo mashine nyingi za zamani hazina. Nilimshauri aweke Linux, mfumo endeshi upatikanao bure, ambao kiini chake kilianza kuundwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki. Akakataa katakata, kwani programu yake ya hesabu hufanya kazi ndani ya Windows pekee. Hapo ndipo alipoitoa methali yake. Nami nikamjibu kwamba si lazima mmoja amfukuze mwenzake.

Kwanza tulinakili kazi zake zote kwenye diski ya nje. Asiyefanya hivyo asianze kamwe, maana kosa moja katika kuigawa diski laweza kufuta kila kitu. Kisha tulilipunguza eneo la Windows, tukamwachia mgeni nafasi tupu. Tukaizima pia ile tabia ya Windows ya kulala nusu macho ili iamke upesi, kwani mgeni akizigusa faili zake katika hali hiyo, zaweza kuharibika. Mwisho tukaweka Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, kutoka kwenye flashi. Tangu siku hiyo, kompyuta inapowashwa, programu ndogo iitwayo GRUB husimama mlangoni kama bawabu na kuuliza ni mfumo upi unaohitajika.

Kesho yake tulipofungua Windows, saa yake ilikuwa nyuma kwa saa 3. Mpwa wangu alitahayari, kwa kuwa risiti zake hubeba saa. Kumbe Windows huisoma saa ya ndani ya mashine kama saa ya hapa kwetu, ilhali Linux huihesabu kwa saa ya kimataifa, nasi Kenya tuko mbele kwa saa 3. Nilicheka. Sisi ambao saa kumi yetu ya jioni Mwingereza huiita saa nne, tutashindwaje kuwasuluhisha hawa? Amri moja tu iliwapatanisha.

Mwanaisimu François Grosjean aliandika mwaka 1989 kwamba mwenye lugha mbili si wasemaji wawili wa lugha moja moja waliotiwa katika mwili mmoja. Kompyuta ya mpwa wangu ni kinyume chake: ndani yake wamo wawili hasa, na mmoja huamka mwenzake akiwa amelala. Hata hivyo, hofu inayowazunguka ni ile ile. Wako wazazi wanaokinyamazisha Kikamba nyumbani wakidhani kitakinyima Kiingereza nafasi. La hasha! Kichwa cha mtoto hakihitaji hata kugawanywa kama diski.

Fauka ya hayo, ndani ya Linux tulikuta kibodi ya Kikuyu imekwisha tayarishwa, na kwa hiyo mpwa wangu akaandika ĩ na ũ za Kikamba bila kuzimalizia kwa kalamu. Mifumo iliyo wazi humruhusu yeyote kuitafsiri. Ndiyo maana mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliweza kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Sasa Windows yake hufunguliwa kwa ajili ya hesabu tu, tena bila intaneti. Barua pepe na mengineyo ya mtandaoni hupitia Linux. Basi, ndugu msomaji, kabla hujaitupa mashine yako, au lugha yako, kwa kuwa mgeni amebisha hodi, hebu tazama kwanza kama nyumba haina chumba cha pili.