Mwanangu haitwi Masikini

Mgeni alimuuliza mwanangu, "Jina lako nani?" Akajibu, "Masikini."

Ana miaka 8, na ana usonji. Mengi anayoyasema ni yale aliyoyasikia, huyarudia vilevile, hata sauti. Hapa nyumbani Maskati, kila shangazi akija kunywa kahawa humgusa kichwa: "Masikini, Mungu amponye." Hawana nia mbaya, wallahi, ni huruma tu. Lakini yeye alidhani ndilo jina lake.

Karatasi ya daktari iliandikwa kwa Kiarabu: tawahhud. Nilishusha pumzi, maana tulishaambiwa kiziwi, mtundu, kapigwa jicho, mama yake hajui kulea. Jina hilo lilitufungulia mlango wa mazoezi ya kusema, na mimi nikaacha kujilaumu.

Ila lilikuja na lake. Bibi yake alisikia ndani yake wahid, moja, akaelewa kwamba mtoto anataka kuwa peke yake. Basi akawa anampelekea chakula chumbani, na watoto wa ami yake wakaambiwa wasimsumbue. Kusema kweli, bibi hakulisoma vibaya neno. Hata la Kizungu limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi, na Leo Kanner, daktari wa Baltimore aliyeandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 wa hali hii, naye alitilia mkazo upweke wao.

Kwani mwanangu anapenda upweke? Hukaa karibu na mlango, katupa mgongo, anapanga vikombe vya kahawa. Ukivivuruga atapiga kelele. Lakini sote tukihamia ukumbini, baada ya dakika mbili yuko nyuma yetu, na vikombe vyake mkononi.

Nikamwambia bibi, "Mama, huyu anasikia vyote kwa pamoja: feni, televisheni, sisi. Vinamchosha. Anataka tumpe nafasi, hataki tumtenge."

Alinyamaza kidogo. "Mbona hamkuniambia hivyo toka mwanzo? Mmeniletea neno la daktari tu."

Chakula kikarudi kwenye mkeka wetu sote. Na siku hizi bibi ndiye anayewakatiza wageni mlangoni: "Muite jina lake, kisha msubiri."

Wiki iliyopita mgeni mwingine alimuuliza jina. Kimya. Akapanga kikombe, akapanga cha pili. Mgeni akafungua mdomo kuuliza tena, mwanangu akasema kwa sauti ya bibi yake kabisa: "Msubiri."