Mpanda Ngazi Asiyeshuka

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Kwenye gemu za kuigiza uhusika hilo ni nadra: mhusika wako akishapanda leveli, nguvu aliyoipata kwa kawaida hubaki yake mpaka mwisho. Ndiyo maana suala la kasi ya kupanda si dogo, hata kwa kijana wa Mwese, huko kwenye milima ya Katavi, anayechezea simu iliyochajiwa kwa sola. Chukua Baldur's Gate ya mwaka 1998, ambayo siku hizi inachezeka kwenye simu. Mpiganaji anahitaji pointi 2,000 za uzoefu kufika leveli ya pili, 4,000 kufika ya tatu, 8,000 ya nne. Mchawi wa kawaida ndiye anayetia huruma: anaanza na uchawi mmoja tu, akishautumia mpaka alale ndipo aurudie, na mbwa mwitu mmoja anatosha kummaliza. Uchawi wa mpira wa moto unamsubiri leveli ya tano, kwenye pointi 20,000. Toleo la kwanza lilikomea pointi 89,000, nayo leveli yake ya nane ilitaka 90,000! Lakini siku anayorusha mpira wa moto wa kwanza, kundi zima la maadui linaungua kwa mkupuo, na mchezaji anajua alikotoka.

Linganisha na Oblivion ya mwaka 2006, ambamo maadui wengi hupanda pamoja nawe, hadi majambazi wa njiani wanavaa deraya za bei mbaya. Umepanda, nao wamepanda. Kilichobadilika ni namba.

Wapo watakaosema mwendo wa polepole ni anasa ya mwenye muda, si ya mtu anayeibia nusu saa baada ya shamba. Hoja ina uzito, ila leveli si malipo pekee. Ndani ya nusu saa unaweza kupata upanga mpya, siri ya kijiji au njia isiyofahamika, na leveli ikaja wiki ijayo. Kinachochosha ni kuua adui yuleyule mara mia.

Zipo pia gemu za simu zinazokuchelewesha makusudi ili zikuuzie njia ya mkato. Hilo ni duka. Ukiona kila unapokwama kinajitokeza kitufe cha kununua pointi, ifute gemu hiyo, uokoe bando na chaji.