Nywele za Kipilipili na Jinsi Kijana Anavyojiona

Nywele za kipilipili huanza kujikunja zikiwa bado ndani ya ngozi. Kishimo kinachootesha unywele huwa kimepinda, na unywele wenyewe ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini huonekana bapa kidogo, ilhali unywele wa singa hukaribia kuwa duara. Mafuta ya asili ya ngozi ya kichwa hupata shida kushuka kwenye mikunjo hiyo hadi nchani. Kwa sababu hiyo nywele hukauka upesi, na kila penye mkunjo ni mahali pepesi kukatika. Zikioshwa zikakauka, hujivuta na kuonekana fupi kuliko urefu wake wa kweli.

Tabia hizo zina matunzo yake. Nywele huchanwa zikiwa na unyevu, kwa chanuo la meno mapana, kuanzia nchani kurudi kwenye shina. Kisha hupakwa mafuta na kusukwa ili zipumzike. Msusi hugawa mstari kwa ncha ya kitana, hushika vifungu vitatu karibu na ngozi, na huongeza nywele kidogo kidogo kila anaposonga mbele. Katika nywele za uzi, uzi mweusi huzungushwa kwenye kila fungu kutoka shinani hadi nchani, nazo hunyooka bila moto wala dawa. Ni ufundi unaohitaji mkono mwepesi, kwa sababu msuko unaokazwa mno kwa miaka huharibu vishimo vya nywele, hasa pembeni mwa paji la uso, na nywele zikaacha kuota.

Dhana kwamba nywele hizi ni mbaya ilijengwa na watu, na hatua zake zinajulikana. Mwaka 1786, Louisiana ikiwa chini ya Hispania, gavana Esteban Miró aliwaamuru wanawake huru wenye asili ya Afrika wafunge vilemba kichwani, ili mapambo ya nywele zao yasiwaweke daraja moja na wanawake wa Kizungu. Baada ya utumwa kukomeshwa Marekani, sura iliyotakiwa kazini na mitaani ilibaki ile ya Mzungu. Vitana vya moto na krimu za kunyoosha vikapata soko kubwa, na baadaye soko hilo likafika Afrika.

Watoto hujifunza kipimo hicho cha uzuri mapema. Katika miaka ya 1940, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto Weusi wa Marekani, wenye umri wa miaka 3 hadi 7, wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi ya ngozi na nywele. Watoto wengi walimchagua mwanasesere mweupe kuwa ndiye mzuri. Walipotakiwa kuonyesha anayefanana nao, baadhi walilia au wakatoka chumbani mbio. Matokeo hayo yalitajwa mwaka 1954 katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma.

Dawa ya kunyoosha nywele inayotumika saluni ni alkali kali inayovunja viungo vya protini vinavyoupa unywele mkunjo wake. Msusi hupaka kwanza mafuta mazito kwenye masikio na pembe za paji la uso, kisha dawa. Ikianza kuwasha, wateja wengi huvumilia ili nywele zilainike zaidi, na wapo wanaoondoka na vidonda. Mizizi inayoota upya hutoka na mikunjo yake, kwa hiyo dawa hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia zaidi ya wanawake 33,000 wa Marekani, uligundua kuwa waliotumia bidhaa za kunyoosha zaidi ya mara 4 kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi kwa kiwango kinachozidi mara 2 cha wasiotumia. Utafiti huo haukuthibitisha kuwa dawa ndiyo chanzo, lakini onyo lake ni zito kwa msichana anayeanza kupakwa dawa akiwa mdogo.

Vijana wenyewe wamepinga kipimo hicho cha uzuri. Agosti 2016, wanafunzi wa Pretoria High School for Girls, Afrika Kusini, akiwemo Zulaikha Patel mwenye miaka 13, waliandamana kudai haki ya kuvaa nywele zao za asili, na serikali ya jimbo la Gauteng ikaamuru kanuni ya nywele ya shule hiyo isimamishwe. Mwaka 2019, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa shule ya Nairobi ilikosea kumzuia mwanafunzi wa imani ya Rastafari kwa sababu ya dredi zake. Mwaka huohuo jimbo la California lilipitisha sheria inayozuia ubaguzi wa nywele shuleni na kazini.

Amri peke yake haijengi kujithamini. Operesheni Vijana, iliyotangazwa Tanzania mwaka 1968, ilipiga marufuku wigi, krimu za kujichubua na sketi fupi kwa jina la utamaduni wa taifa, lakini wanawake walishambuliwa na vijana wa kiume mitaani Kariakoo. Msichana aliamuliwa tena jinsi ya kuonekana. Katika shule nyingi za serikali Tanzania na Kenya, wasichana hutakiwa kunyoa au kukata nywele ziwe fupi, kwa sababu za usafi, muda na gharama. Kanuni hiyo hupunguza mashindano ya nywele darasani, lakini anayenyolewa tangu chekechea hadi kidato cha nne anaweza kumaliza shule bila kujua hata kuzichana. Kwake dawa au wigi huonekana njia pekee.

Kinachomsaidia kijana ni ujuzi na lugha ya heshima. Mama au dada asiyeziita nywele za mtoto mbaya au ngumu, anayemfundisha kuziosha na kuzisuka bila kuzikaza, na mwalimu anayeeleza sayansi na historia ya nywele hizo, humpa uwezo wa kuchagua. Akijua hayo, anaweza kusuka, kunyoa au kuvaa wigi kwa kupenda, bila kuona aibu kwa nywele alizozaliwa nazo.